Naomba ushauri: "computation" kwa Kiswahili ni nini? Nahitaji leo

Mgeni_Jinja: Wakuu, shikamooni. Kuna neno limenikwamisha, "computation". Kamusi ya kwenye simu inasema ni hesabu. Hesabu si ile ya shuleni? Naomba jibu kabla ya jioni. Ni jambo dogo tu.

Mwalimu_Mbale: Neno lake ni ukokotoaji. Kukokotoa ni kufuata hatua za hesabu mpaka upate jawabu. Kuku bandani unawahesabu, huwakokotoi. Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, computare, na zamani "computer" alikuwa mtu, karani anayeshinda na kalamu akipiga hesabu. Mashine ikamrithi jina. Ndiyo maana mimi nasema tarakilishi, siyo kompyuta...

Boda_Namuwongo: Mwalimu, nikimwambia abiria nimekokotoa nauli atashuka kabla sijawasha pikipiki. Huku tunapiga hesabu, basi.

Mama_Pacha: Mwanangu, mimi ni mhasibu, hilo neno naliona kila mwisho wa mwezi. Umelikuta kitabuni au kwenye karatasi ya kazini? Usizunguke.

Mgeni_Jinja: Karatasi ya kazini. Naacha kazi.

Mama_Pacha: Unaacha au umeachishwa?

Mgeni_Jinja: Nimeachishwa, lakini kwa wema. Bosi ni shemeji yangu. Juu pameandikwa "Computation" kwa wino mzito, halafu mistari minne: mshahara 800,000, PAYE (kodi ya mshahara) 142,000, NSSF (akiba ya uzeeni) 120,000, baki 538,000. Nasaini Jumatatu. Nilitaka kujua tu, nikisaini nimekubali hesabu au nimekubali kitu kingine?

Mzee_Mutukula: Vijana hamsomi. Mimi niliwahi kusainishwa karatasi ya ghala, kumbe nimekiri magunia sita ambayo sikuwahi kuyaona hata kwa macho. Yalilipwa na ng'ombe wa baba. Mpaka leo nikiona kalamu ya bosi natafuta miwani kwanza.

Mama_Pacha: Kwa hapa Uganda PAYE iko sawa: 25,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi 410,000. Kilichozidi ni 390,000, asilimia 30 yake 117,000, jumla 142,000. Tatizo ni NSSF. Wewe unakatwa asilimia 5, yaani 40,000. Asilimia 10, ile 80,000, mwajiri anatoa mfukoni mwake. Shemeji kakukata zote mbili. Umefanya kazi miaka mingapi? Na juu ya sahihi pameandikwa nini?

Mgeni_Jinja: Mitatu. Pameandikwa sidai kitu tena.

Mama_Pacha: Ehe! Hilo ndilo ungetuambia asubuhi. Miaka mitatu, Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa notisi ya mwezi mmoja au malipo yake. Mstari wake uko wapi?

Mgeni_Jinja: Notisi tulielewana kwa mdomo. Na ameshanitumia 200,000 kwenye simu, nimenunua mbolea. Dada yangu yuko kwake, jamani. Nianzishe ugomvi kwa elfu themanini, Krismasi tutakaaje meza moja?

Boda_Namuwongo: Huyo hakukati NSSF, ssebo. Anajirudishia mahari kidogokidogo.

Msemakweli_Gulu: Uzi wa kutunga huu. Mtu anauliza Kiswahili, mara mhasibu huyu hapa, hesabu zinatoka safi bila hata shilingi ya ziada. Halafu Jinja mjini mbolea ya nini? Mgeni na Mama Pacha ni mtu mmoja.

Mgeni_Jinja: Kazi Jinja, shamba Kapchorwa. Nikutumie picha ya karatasi?

Msemakweli_Gulu: Tuma.

Mgeni_Jinja: Ina jina la shemeji.

Msemakweli_Gulu: Ahaa.

Mama_Pacha: Achana naye. Tafuta karatasi zako za mishahara ya nyuma. Amekukata hivyo mwezi huu tu, au siku zote?

Mgeni_Jinja: Ngojeni.

Mgeni_Jinja: Nimepata tatu, nyingine zililiwa na panya. 120,000. 120,000. 120,000.

Boda_Namuwongo: Kama ni miezi yote 36, mara 80,000... 2,880,000. Nimepiga mara mbili.

Mwalimu_Mbale: Umekokotoa.

Boda_Namuwongo: Mwalimu, siyo sasa hivi.