Goli la Griezmann dhidi ya Tunisia 2022: kwa nini lilikataliwa, la Mbappé dhidi ya Hispania likakubaliwa?

KiungoMkabaji
Wakuu, tulimalize hili. Novemba 30, 2022, Kombe la Dunia Qatar, Tunisia wanaongoza 1-0 dhidi ya Ufaransa kwa goli la Khazri. Dakika ya nane ya nyongeza Tchouaméni wa Ufaransa anapiga krosi, beki wa Tunisia Talbi anaugusa kwa kichwa, mpira unamwangukia Griezmann, kambani! Refa akaitwa na VAR (waamuzi wa video) kwenye skrini, goli likafutwa kwa kuotea, na Ufaransa wakadai mchezo ulikuwa umeshaanzishwa tena. Sasa rudini fainali ya Ligi ya Mataifa, Oktoba 10, 2021: Theo Hernández kapenyeza pasi, Eric García kaugusa mpira, Mbappé aliyekuwa ameotea kafunga, Ufaransa 2-1 Hispania. Goli likasimama. Mabeki wote wawili waligusa mpira. Tofauti iko wapi? Na ni kweli refa hakuwa na ruhusa tena ya kwenda VAR?

Kibendera
Kuotea kwa Griezmann hakuna ubishi. Nafasi hupimwa pale mguu wa mpiga krosi unapogusa mpira mara ya kwanza, basi. Mkisimamisha picha wakati Griezmann anapiga shuti mnapima kitu kingine kabisa.

Kesi nzima iko kwenye kichwa cha Talbi. Beki akiucheza mpira kwa makusudi, aliyeotea anakuwa huru. Ukimbabatiza tu, au akiwa anaokoa mpira unaoelekea golini, kuotea kunabaki palepale. Julai 2022 IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, walitoa ufafanuzi wa "makusudi": beki lazima awe na uwezo wa kuumiliki mpira, kutoa pasi au kuuondosha. Unaangalia kama mpira umetoka mbali na aliuona vizuri, kama haukuwa na kasi kubwa, kama haukubadili njia ghafla, na kama alipata muda wa kujipanga badala ya kujinyoosha au kuruka kwa kushtukia. Mpira wa chini ni rahisi kuucheza kuliko wa juu. Akiwa na uwezo huo halafu akaboronga, ni juu yake. Kuboronga hakumrudishii kinga.

Kwa García, mpira ulikuwa wa kasi na yeye alijirusha akauparaza tu. Mwaka 2021 ilitosha kwamba alikusudia kuugusa. Kwa vigezo vya 2022, goli lile sioni likipona.

NambaSita
Kwa García tuko pamoja. Kwa Talbi sikubali. Krosi aliiona tangu inapigwa, haikubadili njia, na aliufuata mpira ili auondoshe. Kichwa kibovu bado ni mchezo wa makusudi. Kwa vigezo vyako mwenyewe Griezmann alikuwa huru.

Kibendera
Mkuu, hoja yako ina uzito, na ndiyo maana mimi nisingeutetea uamuzi ule kwa njia ya kubabatiza. Njia yenye nguvu ni mfuatano wa matukio. Aliyeotea akimkaba beki, au akiufuata mpira ulio karibu kiasi cha kumvuruga beki, kosa limeshatimia kabla beki hajagusa, na mguso wake haulifuti. Kwa hiyo ukirudia picha, usianze na kichwa cha Talbi. Tazama sekunde iliyotangulia: Griezmann anaelekea wapi, na Talbi anabadilisha chochote kwa sababu yake? Ukijibu "hapana" mara mbili, NambaSita ana haki.

Filimbi3
Nijibu la VAR. Itifaki inasema mchezo ukishasimama na kuanzishwa tena, refa harudi nyuma kukagua, isipokuwa amemwadhibu mchezaji asiye yeye, au ni kosa la kadi nyekundu la aina ya ukatili, kutema mate, kung'ata au matusi makubwa. Kuotea hakumo. Shirikisho la Ufaransa lilipeleka malalamiko, FIFA wakayatupa.

Linganisha na Tottenham dhidi ya Liverpool, Septemba 30, 2023. Goli la Luis Díaz wa Liverpool lilikuwa halali lakini uwanjani likakataliwa kwa kuotea; VAR wakadhani limekubaliwa, wakasema ukaguzi umekamilika. Kosa likagundulika mpira ukiwa umeshaanzishwa, wakakataa kusimamisha. Liverpool walifungwa 2-1. Inauma, lakini ndivyo kanuni ilivyo.

MstariWaMwisho
Wanaosema "mashine ilishaamua" Qatar waelewe ilipima nini. Kamera 12 chini ya paa, nukta 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, na kihisi ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Vyote hivyo vinakwambia ameotea au hajaotea. Makusudi ya beki anaamua binadamu.

Na picha za kusimamisha kwenye simu tuziache. Kwa picha 50 kwa sekunde, mshambuliaji wa mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 16 kati ya picha mbili. Beki akikimbia upande wa pili kwa kasi hiyohiyo, ni 32.

KiungoMkabaji
Nimewapata. Moja la mwisho: Talbi angetuliza kwa kifua halafu ukamponyoka?

Kibendera
Hapo ameshaumiliki, Griezmann anauchukua na goli ni halali. Isipokuwa awe alishamkaba Talbi tangu mpira uko hewani, tunarudi kulekule kwenye mfuatano.