Wenye hofu ya kiti cha daktari wa meno, mlitulizwaje? Tupeane uzoefu

Mama Pacha, Nakuru: Kesho kutwa nang'olewa gego, na tangu jana chakula hakipiti. Daktari ameuliza kama nitatosheka na ganzi, au aongeze kidonge cha kutuliza ama gesi. Mliopitia nisaidieni.

Wa Nyalenda: Umenikumbusha gego langu la chini. Shavu lilivimba hadi jicho likafumba, nikakimbilia kliniki moja hapa Kisumu. Sindano ya kwanza, bado nasikia uchungu. Ya pili, bado. Ya tatu moyo ukadunda nikajua ndio nakufa. Daktari akasema naigiza, akaingiza koleo. Nililia hadi waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza. Miaka sita sikumfungulia daktari yeyote mdomo. Aliyenitibu baadaye ndiye aliyenieleza kwamba penye usaha ganzi hushika kwa shida, na adrenalini iliyochanganywa na ile dawa huweza kuuendesha moyo mbio. Alinipa antibiotiki kwanza. Siku ya kung'oa akaniwekea gesi puani. Hulali, unamsikia akiongea, ila mabega yanalegea. Sindano ya ganzi nilichomwa vilevile, sikuijali. Mwisho nikavuta oksijeni dakika chache, kichwa kikatulia.

Kaka wa Mamboleo: Hapo kwa usaha, kweli kabisa.

Mzee wa Lanet: Gesi ya nini? Meza diazepamu, kile kidonge cha kutuliza, usiku, nyingine asubuhi, panda matatu uende.

Muuguzi, Kakamega: Mzee wangu, kwa heshima, usimwambie mtu hivyo. Kipimo aandike daktari, mgonjwa asindikizwe, na siku hiyo asiguse pombe wala usukani.

Mzee wa Lanet: Mimi nilimeza na niko hai.

Dada wa Kondele: Mzee, mimi nilimeza za jirani bila kumwambia daktari. Nikiwa kwenye boda karibu na soko la Kibuye, usingizi ukanibeba. Kijana alihisi nimemlalia mgongoni, akanikamata mkono huku akisimamisha pikipiki. Jino halikung'olewa. Nilifikishwa nyumbani na mama muuza omena asiyenijua.

Kaka wa Mamboleo: Mungu wangu! Ulimwona tena huyo mama?

Dada wa Kondele: Omena zangu zote nanunua kwake.

Mama Pacha, Nakuru: Jamani, mimi nina mafua, pua zimeziba. Gesi itanifaa?

Muuguzi, Kakamega: Hiyo huvutwa kwa pua, mama. Mpigie daktari leo, huenda akasogeza siku. Kama una mimba, mwambie pia.

Wa Nyalenda: Na kabla hajaanza, mkubaliane: ukiinua mkono, anaacha kwanza.