Nimerithi sanduku la vito vya kuiga vya zamani. Nivae vipi bila kuonekana nimevaa sanduku zima?

Mwanashanga

Habari zenu wapenzi wa mapambo. Shangazi yangu kahamia nyumba ndogo, akanikabidhi sanduku lake la vito. Si dhahabu wala almasi, na mwenyewe hakunificha: "Haya ni kioo na shaba, mwanangu, lakini yametoka na mimi mara nyingi kuliko ya kweli." Nimeyapenda mpaka usiku naamka kuyatazama. Tatizo sijui kuyavaa.

Kuna bruchi (pambo la pini la kupachika kwenye nguo) ya jani iliyochovywa dhahabu, imejaa vioo vidogo vyeupe, nyuma imeandikwa Trifari na taji dogo juu ya T, halafu alama ya hakimiliki, ©. Kuna mkufu wa shanga za kioo, nyuzi mbili, unaogeuka rangi kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kuna bangili nene ya njano iliyoiva, ukiigonga na kucha inatoa mlio mzito, si ule mwepesi wa plastiki. Kuna hereni za kubana za lulu zinazoniuma, na hereni moja ya bluu isiyo na mwenzake.

Jumatatu nilivaa karibu vyote kazini, shati jeupe na suruali nyeusi. Jirani yangu wa meza akaniuliza kama sanduku lenyewe nimeliacha nyumbani au lipo kwenye mkoba. Nilicheka, ila kufika saa nne hereni nilishazivua chooni.

Wiki tatu zijazo nina sherehe ya usiku, na gauni nililoshona ni la rangi ya fedha lenye vimetameta kuanzia bega hadi goti. Nivae kipi? Na la pili naliuliza kwa aibu: niliiosha ile bruchi kwenye bakuli la maji ya sabuni, sasa vioo viwili vimekuwa vyeusi. Nimeiua?

---

BibiBruchi

Mdogo wangu, hujaiua, umeijeruhi. Vioo vile vingi vina utando mwembamba wa kung'aa mgongoni, na ndio unaorudisha mwanga. Maji yakipenya nyuma yakakaa, utando unaoza na kioo kinafumba jicho. Haviponi, ila fundi mwenye subira anaweza kuving'oa na kuweka vingine vya ukubwa uleule. Kuanzia leo usilowanishe kito chochote chenye vioo. Chukua kijiti cha pamba, kilowanishe kidogo tu, pitisha juu, kisha ukilaze kito kifudifudi juu ya kitambaa mpaka kikauke. Kifudifudi, ili unyevu ushuke mbele, usirudi mgongoni. Mimi nilijifunza hilo baada ya kuharibu bruchi ya kipepeo niliyoipenda kuliko baadhi ya watu.

Kuhusu ile ©: inakusaidia kujua umri. Mwaka 1955 Trifari, kampuni ya vito vya kuiga, walishinda kesi Marekani dhidi ya kampuni iliyonakili muundo wao, mahakama ikakubali kwamba vito vya kuiga navyo ni kazi ya sanaa inayolindwa. Tangu hapo alama hiyo ikawa inagongwa nyuma. Kwa hiyo jani lako ni la 1955 au baada yake. Ungekuta neno "Sterling", yaani fedha halisi, ningekuambia uangalie miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maana kuanzia 1942 metali za kawaida zilizuiwa kwa ajili ya silaha na watengenezaji wakahamia fedha halisi.

Mkufu wako nao usiudharau. Huo mng'ao wa mafuta juu ya maji ni mchovyo wa metali juu ya kioo, Swarovski, watengenezaji wa vioo vya vito wa Austria, waliutoa katikati ya miaka ya 1950 wakishirikiana na mbunifu wa mavazi Christian Dior. Unaitwa aurora borealis. Sifa yake ni kwamba hauna rangi yake mwenyewe, unaazima ya jirani. Uweke juu ya nguo nyeusi, utaona bluu na zambarau. Juu ya shati lako jeupe unafifia, unabaki kama matone ya maji. Ndiyo maana Jumatatu haukukupendeza, kosa si lako.

Sasa uvaaji. Watu watakuambia "vaa kimoja tu". Mimi sisemi hivyo. Nasema chagua kitakachosema, vingine viitikie. Na ukichagua, anza na kito, nguo ije baadaye. Wengi wanafanya kinyume: wanavaa, wanasimama mlangoni, wanakumbuka mapambo, wanapachika chochote. Mimi naweka bruchi kitandani kwanza, halafu naanza kuitafutia nguo kama ninayemtafutia mgeni kiti.

Kazini na shati jeupe: funga kifungo cha juu kabisa, jani liweke palepale pa fundo la tai. Pale shati lina kitambaa cha mara mbili, halilegei. Ukiipachika kifuani kwenye blauzi laini inaning'inia kama ulimi. Ukitaka kifuani, weka kipande kidogo cha kitambaa kizito upande wa ndani, pini ipite vyote viwili. Siku nyingine ihamishie kwenye kola ya koti, juu karibu na bega kuliko unavyodhani. Watu huzishusha mno. Bangili ivae peke yake, mkono usio na saa, mkono wa shati ukunjwe mara mbili. Njano ile iliyoiva na shati jeupe inatosha kabisa.

Na hiyo bangili, isugue kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka ipate moto, kisha inuse haraka. Ukisikia harufu kali ya dawa ya hospitali, huenda ni Bakelite, ile plastiki ya Leo Baekeland ya mwaka 1907. Nyingi za njano zilitoka kiwandani zikiwa nyeupe, zimegeuka zenyewe kwa miaka. Usikubali mtu akuambie uichome na sindano ya moto kuipima. Inaacha kovu, na kama ni seluloidi, plastiki nyingine ya zamani, inashika moto.

Sherehe: gauni la vimetameta limeshasema kila kitu. Mkufu wa vioo hapo ni watu wawili wanaopigana kelele. Vaa hereni za lulu tu. Lulu haimeti, inang'aa kwa upole, jicho linapata pa kupumzika karibu na uso. Na usione haya kwamba si za kweli. Mwaka 1953 Mamie Eisenhower, mke wa rais wa Marekani, alikwenda kwenye dansi ya kuapishwa kwa mumewe akiwa na seti ya lulu za kuiga za Trifari, zilizobuniwa na Alfred Philippe. Manukato na dawa ya nywele pulizia kwanza, subiri, lulu ziwe za mwisho kuvaliwa. Rangi ya lulu ya kuiga ni ngozi nyembamba juu ya kioo, inamenyeka.

---

FundiKoleo

BibiBruchi kamaliza, naongeza ya mezani kwangu.

Dada, usirudishe vioo kwa gundi ile inayokauka papo hapo. Mvuke wake unaweka ukungu mweupe kwenye vioo vya jirani, na yenyewe inakuwa ngumu kama biskuti, ukiangusha kito inaachia. Tumia gundi ya vito inayokauka polepole, tone dogo kwenye ncha ya kijiti cha meno.

Hereni zinazouma: usizivumilie, na usizipanue kwa vidole, bawaba itavunjika. Kwa nyingi, kile kibanio cha nyuma kina chuma chembamba kinachokisukuma. Funga hereni juu ya kadi ya plastiki, uiache usiku kucha. Bado inauma? Koleo lenye ncha bapa, lililofungwa kitambaa, nyanyua kidogo sana, jaribu, nyanyua tena. Kisha weka vile vipira vidogo vya nyuma. Usiku wa sherehe vaa ukifika, si ukiwa njiani, umejipunguzia saa nzima.

Geuza pia bruchi uangalie pini imekaa wapi. Kwenye kazi nzuri iko juu ya katikati, ili uzito uvute chini na bruchi isimame wima. Ikiwa katikati au chini, itainama mbele kila mara, haijalishi utaipachika wapi.

Ukiona unga wa kijani kwenye shaba, kitenganishe hicho kito na wenzake leo hii. Kukwangua: kijiti cha meno na siki kidogo, futa, kausha kabisa. Siki isiguse lulu wala vioo.

Hereni moja isiyo na mwenzake naletewa kila wiki. Za kubana zilikuwa zinavuliwa upande mmoja mtu anapoongea na simu, mkono wa simu ulikuwa unagonga. Inawekwa mezani, mazungumzo yananoga, inasahaulika. Usiitupe. Ibane kwenye kola.

---

Mapambo_Mengi

Mimi nawapinga wote wawili, kwa heshima. Mnamfundisha mtoto wa watu kuogopa. Seti hizi zilitengenezwa zivaliwe pamoja: mkufu, bangili, hereni, bruchi, vyote vya muundo mmoja. Mwenzake kazini kamcheka, basi? Mimi nimevaa bruchi saba kwenye koti moja la bluu, kubwa na ndogo, zimekusanyika bega la kushoto kama ndege juu ya waya, nikaenda kununua nyanya.

Siri ni kwamba ziwe zimebanana. Ukizitawanya unaonekana umerushiwa. Ukizikusanya sehemu moja, inakuwa kitu kimoja kikubwa. Na usichanganye dhahabu na fedha kwa bahati mbaya, changanya kwa makusudi: angalau mbili za kila rangi.

Kwenye sherehe ningevaa ule mkufu, ila nyuma! Kama gauni lina mgongo wazi, geuza, shanga zishuke mgongoni. Mbele vimetameta, nyuma shanga kwenye ngozi tupu. Hazipigani, hata hazionani.

---

BibiBruchi

@Mapambo_Mengi bruchi saba na nyanya nimekubali, nimecheka peke yangu. Lakini uliyoieleza ni seti, vitu vilivyozaliwa pamoja. Yeye ana yatima watano. Na wazo la mgongoni nimelipenda kuliko langu, sisemi mara ya pili.

Mwanashanga, ukifanya hivyo angalia kulabu ya mkufu. Ile minyororo midogo ya nyuma ya miaka hiyo mingi ina shanga moja ya pambo mwishoni, ikija mbele kooni inakaa kama kidani kidogo. Halafu angalia zile shanga zisikwame kwenye zipu.

---

Mwanashanga

Jamani ahsanteni. Narudi na majibu.

Bangili: nimeisugua mpaka kidole kikawasha. Harufu ile ile! Dada yangu aliyekuwa sebuleni aliuliza nani kafungua dawa.

Alhamisi nilivaa jani peke yake kooni, kifungo cha juu kimefungwa, vioo viwili vyeusi vikiwa upande wa chini. Hakuna aliyeviona. Jirani yule yule aliinama akasoma jani kama anasoma tangazo, akaniuliza nimelipata wapi. Nilimwambia limetoka kwenye lile sanduku lililo kwenye mkoba.

Gauni langu mgongo limefungwa hadi shingoni, hivyo shanga zitasubiri. Nimezijaribu juu ya sweta jeusi na kweli zimegeuka zambarau, nilisimama kwenye kioo nikisogea kushoto na kulia kama kuku. Sherehe ni lulu. Kadi ya plastiki imezilegeza, nimekaa nazo saa mbili nikipika bila kuzikumbuka.

Nimempigia shangazi kumuuliza ile hereni ya bluu. Nikamtajia habari ya simu, akanyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. Anasema ile ya pili iliachwa kando ya simu ya mezani kwenye ofisi aliyoacha kazi siku ileile, kwa hasira, na hakuweza kurudi kuichukua kwa sababu alikuwa ameshabamiza mlango.

Nimeibana kwenye kola ya koti. Kesho naenda nayo kazini.