Hizi maziwa na jibini za vegani za supamaketi ni afya kweli ama tunatupa tu pesa?

MamaWawili_Kasarani

Wadau hamjambo. Naomba mnisaidie na hii maneno juu hapa kwangu imeleta mabishano. Dada yangu mdogo anakaa na sisi tangu mwaka uanze na yeye aliacha vitu zote za mnyama, nyama, mayai, maziwa, kila kitu. Hiyo sina shida nayo, ni uamuzi wake na ndengu anapika tamu ajabu. Sasa polepole friji imejaa maboksi, kuna maziwa ya almondi, kuna ya oti, kuna jibini ya vegani ya slaisi, kuna na yoghati ya nazi.

Baba watoto aliambiwa kliniki kolesteroli yake iko juu, so ameshikilia hiyo jibini kabisa, kila asubuhi slaisi mbili tatu kwa mkate, anasema haina mnyama ndani kwa hivyo haiwezi kuumiza moyo. Na kitinda mimba wangu ana miaka miwili na nusu, ameonja hiyo ya almondi akapenda juu ni tamu, sai ukimletea kikombe cha maziwa ya kawaida anageuza uso. Na boksi moja la lita bei yake nanunua paketi za maziwa za kutosha chai ya nyumba nzima siku kadhaa.

Nauliza, hizi vitu zinaweza kuchukua nafasi ya maziwa ama ni maji ya bei ghali? Na venye zimepitia kiwandani sana hivyo, si hata zitakuwa mbaya kuliko maziwa yenyewe? Dada namheshimu, sitaki nimkataze kitu bila kujua nasema nini.

Lishe_Mtaani

Mama Wawili habari yako. Mimi kazi yangu ni lishe, niko hospitalini hapa Nairobi, na hii swali napata karibu kila wiki siku hizi. Naomba nianze na mtoto juu hapo ndio haraka iko, huyo mzee ni mtu mzima tutamfikia.

Mtoto wa umri huo anahitaji kama gramu 13 za protini kwa siku. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe, tuseme mililita 250, kina kama gramu 8, na kalisiamu kama miligramu 300. Kikombe hicho hicho cha maziwa ya almondi kina protini gramu moja hivi. Moja. Maboksi mengi ya almondi ukisoma nyuma utaona almondi yenyewe ni asilimia 2 ama 3, kile kingine ni maji, na kama ni tamu hivyo basi hiyo mlinunua imeongezwa sukari. Kwa hivyo mtoto anashiba kinywaji, anakataa maziwa, na mwili haujapata kitu cha kujengea. Kalisiamu inaweza kuwa imeongezwa ama haijaongezwa, inategemea boksi, na hata ikiwa imeongezwa huwa inazama chini, usipotikisa vizuri unamimina maji ya juu na kalisiamu inabaki kwa boksi hadi mwisho unaitupa nayo.

Katika hizi zote ya soya ndio inakaribia maziwa, protini gramu 7 hadi 8 kwa kikombe. Ile isiyo na sukari na imeongezwa kalisiamu, vitamini D na B12. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya Marekani vya madaktari wa watoto na wataalamu wa lishe walikaa pamoja wakasema watoto chini ya miaka 5 wasipewe hizi za mimea badala ya maziwa, isipokuwa soya iliyoongezwa virutubisho, kwa mtoto mwenye mzio wa maziwa ama familia ambayo haitumii vitu vya mnyama. Ya mchele hata Uingereza wanasema mtoto chini ya miaka 5 asipewe kabisa juu mchele unabeba aseniki, ile sumu inatoka kwa udongo na maji. Na mtu asome hapa mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja: hakuna hata moja ya hizi inaweza kuchukua nafasi ya titi ama maziwa ya kopo ya watoto. Kuna mtoto huko Uhispania alipata kiseyeye, ile ya kukosa vitamini C, juu alilelewa na kinywaji cha almondi tu, iliandikwa kwa jarida la Pediatrics 2016.

Jibini ya mzee nitarudi, kwanza niambie imeandikwa nini nyuma.

Mashine_IndastrioEria

Mimi nimefanya kazi kiwanda cha vinywaji miaka, nitaongelea upande wa kutengeneza juu watu wanaogopa vitu ambazo hazina shida na wanaacha zile ziko na shida.

Maziwa ya oti inaenda hivi. Oti inasagwa na maji, halafu wanatia vimeng'enya vya kukata wanga, na wanga ikikatwa inakuwa sukari inaitwa maltosi. Ndio maana boksi linaandikwa haijaongezwa sukari na ukinywa unaskia utamu, hawajadanganya, sukari imetokea humo humo ndani. Ikishachujwa inawekwa mafuta, mara nyingi ya kanola, ndio iwe nzito mdomoni na isikatike kwa kahawa, chumvi kidogo, kalisiamu, vitamini, halafu inapigwa moto wa nyuzi 135 na zaidi kwa sekunde chache na kufungwa. Huo moto ni ule ule wa maziwa ya ng'ombe ya boksi ya kukaa muda mrefu, kwa hivyo mtu asikwambie moto ndio umeharibu hii na haujaharibu ile.

Yale majina marefu ya lebo mengi ni ya kushika tu maji na mafuta zisiachane. Karajinani kwa mfano inatoka kwa mwani, kina mama kule Kibuyuni, Kwale wanalima mwani baharini na hiyo ni soko yake moja kubwa. Gamu ya gelani inatoka kwa bakteria. Kuna wanasayansi wanaendelea kuchunguza kama hizi emalsifaya zinasumbua utumbo ukila nyingi kila siku, na huo uchunguzi mimi naupa uzito, lakini kwa kikombe kimoja cha chai sukari ndio ningeangalia kwanza. Angalia ile mstari ya sukari kwa mililita 100. Ikipita 5 hiyo chukulia kama soda tu, mtoto asizoee.

Kipkorir_wa_Kericho

Mimi nitasema venye naona. Huku kwetu mtu anakua na mursik, maziwa yanalazwa kwa kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti, na wazee wanaishi. Sasa mnaniambia mtoto aache hiyo anywe kitu imepitia vimeng'enya na gamu na mafuta ya kanola. Kuna utafiti wa Kevin Hall, Marekani, 2019, waliweka watu 20 ndani wakawapa chakula cha kiwandani wiki mbili na chakula cha kawaida wiki mbili, wakila ya kiwandani walikuwa wanakula kalori kama 500 zaidi kila siku bila kujua. Hiyo si mchezo. Na ukifuata ule mpangilio wa NOVA, wa kugawa vyakula makundi manne kwa venye vimepitia kiwandani, wa yule profesa wa Brazil, Monteiro, maziwa ya paketi yasiyo na kitu yako kundi la kwanza na hizi maboksi nyingi ziko la nne, la mwisho kabisa.

Najua kuna watu maziwa inawasumbua tumbo. Watu wazima wengi duniani hawawezi kumeng'enya laktosi, ile sukari ya maziwa, vizuri, lakini sisi wa jamii za wafugaji wengi wetu tunaweza, 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walipima watu wa Kenya, Tanzania na Sudan wakapata tuko na mabadiliko yetu ya jeni, tofauti na ya wazungu. Na mwenye tumbo linamsumbua ajaribu mala kwanza, bakteria huwa wamekula sehemu ya laktosi. Mbona tuagize maji ya almondi kutoka ng'ambo na ng'ombe yuko Githunguri hapo.

Mboga_Tupu

Kaka Kipkorir nakuheshimu na mursik yako, hayo mambo ya Hall na NOVA umesema ukweli. Lakini chakula walipewa wale watu 20 kilikuwa mchanganyiko wa vitu vingi vya kiwandani, hakikuwa kikombe cha soya. Na kwa mpangilio huo huo yoghati ya strobei yenye rangi na ladha ambayo kila mtoto wa Nairobi anakula iko kundi la nne pia, na ni ya ng'ombe. Kwa hivyo tukihukumu kwa kiwanda tuhukumu zote.

Mimi ni vegani miaka mingi na hata mimi hizi maboksi sizipendi sana. Jibini zao ndio kabisa. Watu wanaingia kwa hii maisha wakitafuta kitu cha kufanana na kile wameacha, wanajaza friji, pesa zinaisha, damu inapungua, halafu wanasema uvegani ni mbaya. Mama Wawili muulize dada yako anapata B12 wapi. Hilo ni swali la upendo, si la kumpinga. B12 haiko kwa mboga, haiko kwa ndengu, na ikikosekana muda mrefu inaharibu neva, mtu anaanza kuskia ganzi miguuni. Kama boksi haijaongezwa B12 lazima ameze vidonge ama ale kitu kingine kilichoongezwa B12.

Kalisiamu hapa kwetu iko bei nafuu. Wimbi kila gramu 100 iko na kalisiamu zaidi ya miligramu 300, lazisha uji uchachuke ndio mwili uichukue vizuri. Sukuma wiki mwili unaichukua kalisiamu yake poa kuliko ya spinachi. Simsim pia, ile ya maganda.

Na soya si lazima ununue boksi. Nenda Nyamakima ununue soya kavu, loweka usiku mzima, sugua maganda yatoke, saga na maji, chuja kwa kitambaa safi, halafu chemsha. Hapo kwa kuchemsha usiharakishe, itapanda povu haraka ukidhani imeiva na bado, punguza moto ukoroge dakika kama 20, juu soya mbichi iko na kitu kinazuia tumbo kusaga protini na kinaondolewa na moto. Ladha ya maharagwe ukiweka tangawizi kwa chai haiskiki sana. Ila ya kutengeneza nyumbani haina B12 wala vitamini D na kalisiamu yake ni kidogo, hiyo ndio kitu boksi nzuri inaishinda, kwa hivyo kwa mtoto mdogo usiitegemee peke yake. Na karanga za maziwa ya nyumbani chagua vizuri, yenye ukungu ama imekunjamana tupa, afla, ile sumu ya ukungu, haiishi kwa kuchemsha.

MamaWawili_Kasarani

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimetoa vitu zote kwa friji nimesoma. Almondi: maji, sukari, almondi asilimia 2, halafu kalisiamu na chumvi na gamu. Sukari imeandikwa kabla ya almondi! Oti iko na kalisiamu, D na B12. Yoghati ya nazi haina kalisiamu hata kidogo. Jibini imeandikwa maji, mafuta ya nazi, wanga, chumvi, rangi, ladha. Protini sifuri. Mafuta ya kuganda gramu 20 kwa gramu 100. Lishe_Mtaani hiyo ni nyingi ama kidogo? Na mzee akiskia soya anakataa, rafiki zake walimwambia inapunguza uanaume.

Lishe_Mtaani

Hiyo ni nyingi Mama Wawili. Jibini ya kawaida, ile chedar, iko hapo hapo kwa gramu 20 hivi, kwa hivyo moyo wa mzee haujapunguziwa chochote, na zaidi ya hapo amekosa protini, juu chedar ina kama gramu 25 na hiyo yake ni sifuri. Mafuta ya nazi karibu asilimia 90 ni ya kuganda, yanapita hata siagi, na ndiyo yanapandisha kolesteroli mbaya hata kama yametoka kwa mti. WHO wanasema mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku, kwa mtu mzima ni kama gramu 22. Slaisi tatu za gramu 20 kila moja amemaliza 12 kabla ya saa mbili asubuhi, na chumvi juu yake. Mwambie aweke parachichi kwa mkate, ama ndengu zilizobaki za dada.

Ile ya oti anaweza kutumia kwa chai, haina shida. Lakini kwa kolesteroli oti nzima ya uji ndio ina nguvu, unahitaji gramu 3 za ile faiba yake ya betaglukani kwa siku na kikombe cha maziwa ya oti mara nyingi hakizidishi moja.

Soya na uanaume, hapana. 2010 walijumlisha tafiti nyingi pamoja, wakarudia tena 2021, homoni ya kiume haikushuka kwa soya wala kwa vidonge vya soya. Kitu moja tu, kama kuna mtu hapo nyumbani anameza dawa ya tezi ya shingo, soya aiweke mbali na saa ya dawa juu inazuia dawa kuingia mwilini.

Kwa mtoto usimnyang'anye ghafla. Changanya maziwa yake na hiyo ya almondi nusu kwa nusu, vuguvugu, kikombe chake kile kile, halafu kila siku mbili tatu unaongeza maziwa unapunguza almondi. Vikombe viwili kwa siku vinamtosha, visizidi vitatu juu akinywa nyingi hatakula chakula na damu itashuka. Akikataa kabisa ama ukiona anatoka vipele, anahara ama anatapika akinywa maziwa, usibadilishe kitu kingine, mlete kliniki kwanza apimwe mzio, juu wengine wenye mzio wa maziwa huwa na wa soya pia.

MamaWawili_Kasarani

Vipele hana, ni utamu tu. Naanza na nusu kwa nusu kesho asubuhi. Na dada ameniambia B12 hajawahi kumeza, so Jumamosi tunaenda naye apimwe damu.