Nimemlipa mtu anirekebishie Kiingereza kwenye tasnifu, kanibadilishia hadi matokeo ya utafiti!!

Wadau nina hasira hapa nilipo hata kutaipu naona tabu.

Tulikubaliana anipitie grama na uteuzi wa maneno, basi. Kanirudishia faili safi halina alama hata moja ya alichogusa, nikadhani kazi imenyooka. Bahati nzuri nikalinganisha na faili langu la zamani kwenye Word, nikaishiwa nguvu. Kila penye "prevalence" kaweka "incidence"! Namuuliza kulikoni, ananijibu eti neno nimelirudia mno linamchosha msomaji. Jamani hayo maneno hayafanani hata kidogo. Prevalence ni wote wenye ugonjwa wakati ule unaopima, wapya kwa wa zamani, incidence ni wale wapya tu walioupata ndani ya kipindi fulani. Mimi watu nimewapima mara moja, nani kaugua lini sijui, sasa hiyo incidence naitoa wapi? Mtahini akikutana na hilo anaona huyu hajui hata alichopima.

Na "significant" zote zimekuwa "important". Kwenye takwimu significant ni kwamba thamani ya p (yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo au kubwa zaidi kama kiuhalisia hakuna tofauti yoyote) imekuwa chini ya kiwango ulichojiwekea, wengi tunatumia 0.05, haisemi kwamba jambo ni kubwa wala lina faida kwa mtu. Ukiwa na sampuli kubwa hata katofauti kadogo kasikomsaidia mgonjwa yeyote kanatoka significant. Halafu mtu anakuja kuniandikia important!

Iliyoniuma kuliko zote ni "associated with" kuigeuza "caused by", na "suggest" kuwa "prove". Anasema nilikuwa naandika kwa woga. Sio woga!! Ndo ukomo wa ushahidi wangu huo. Watson na Crick mwaka 1953 wanatoa umbo la DNA, sentensi ya kwanza kabisa ya makala yao ina hilo hilo suggest, sasa mimi na madodoso yangu nakuja kusema nimethibitisha?

Washiriki nao nimewaita "participants" mwanzo mwisho kwa makusudi, yeye kawafanya subjects, mbele respondents, mbele tena individuals, ukisoma unadhani kulikuwa na makundi matatu tofauti. Hii tabia ya kubadilisha neno kwa ajili ya pambo hata Waingereza wenyewe wanaikataa, Fowler, yule mwandishi wa vitabu vya matumizi ya Kiingereza, alishaikemea tangu 1906, lakini mtu anaishikilia kama sheria.

Sasa makosa yangu ya kweli, yale niliyomlipia, kayaacha. "Researches" ipo, "informations" ipo, "equipments" ipo, "discussed about" ipo mara saba nimehesabu. Haya ndo yanayotukamata sisi tunaowaza kwa Kiswahili, maana tunajadili kuhusu, tuna vifaa na taarifa kwa wingi, na "yeye" wetu hachagui mke wala mume ndo maana kuna mama mmoja kwenye sura ya nne naanza naye she aya inaisha ni he. Hapo ndo nilihitaji jicho la mtu mwingine, na hapo ndo hakuangalia.

Neno la fani kama hulielewi si uweke komenti pembeni uniulize? Ningemjibu ndani ya dakika mbili. Nimemwambia arudishe maneno yangu, anataka nimuongezee hela, eti hiyo ni kazi mpya, na hapo hapo kaniambia sina shukrani.

Kukabidhi ni Ijumaa. Narudisha neno moja moja kwa mkono, siwezi kubadilisha zote kwa mkupuo maana kuna sehemu mbili nilitumia incidence kwa usahihi nikinukuu tafiti za wengine. Mwenye kujua namna ya haraka ya kukataa badiliko la aina moja tu kwenye Word anisaidie tafadhali, sura ya tano sijaifungua hata.