Acheni kumtetea Leland Palmer, Bob si kisingizio!

Wapenzi wa Twin Peaks hapa Nairobi, leo nawaambia waziwazi: mnaniudhi. Tangu tuanze kuitazama upya tamthilia hii, kila Jumapili mjadala unaishia palepale. Eti Leland hakuwa yeye. Eti aliingiliwa na pepo, naye ni mwathiriwa kama Laura, kwa hivyo lawama zote tumtwike pepo huyo, Bob. Na wanaosema hivi si watoto. Ni watu wazima, wengine wana mabinti nyumbani.

Ambaye hajafika msimu wa pili aishie hapa, maana sitaficha kitu.

Tamthilia ilianza kuonyeshwa Marekani Aprili 1990. Maiti ya Laura Palmer, msichana wa miaka 17, inaokotwa kando ya maji ikiwa imeviringishwa kwenye plastiki, na swali linakuwa moja tu: nani kamuua? Jibu likaja Novemba mwaka huohuo. Ni baba yake mzazi, wakili Leland Palmer, anayejitazama kwenye kioo na kuona sura ya Bob, yule mwenye nywele ndefu za mvi. Hapo ndipo akili za wengi wenu zilipolala. Mlipoiona ile sura kwenye kioo mkashusha pumzi, mkasema afadhali, kumbe si baba.

Haya, nijibuni kuhusu Jacques Renault, aliyeshukiwa kumuua Laura. Leland aliingia hospitalini, akamkuta mtu kalala kitandani hana uwezo wa kujitetea, akamziba pumzi kwa mto. Alipokamatwa alikiri. Alikumbuka vizuri kabisa alichofanya na kwa nini, akaachiliwa kwa dhamana. Mauaji ambayo watu wangemwonea huruma, kwamba ni baba mwenye uchungu, hayo anayakumbuka. Yale ya kumwaibisha ndiyo anayoyasahau. Hamkuliona hilo?

Halafu Teresa Banks, msichana aliyeuawa kabla ya Laura. Hapa ndipo nashindwa kabisa kuwaelewa, kwa sababu filamu ya 1992, inayosimulia siku za mwisho za Laura, imeweka kila kitu mezani. Leland alikuwa akimlipa Teresa ili alale naye. Kuna wakati wako pamoja, anamziba macho kwa kiganja na kumuuliza yeye ni nani. Teresa anasema hajui. Leland anaridhika. Mwanamume huyo ana mke, ana binti, ana jina mjini, na anahakikisha kwamba mwanamke aliye mbele yake hawezi kumtaja. Baadaye anaomba Teresa alete wasichana wengine, anafika motelini, anachungulia na kumwona bintiye mwenyewe ndani. Anageuka na kukimbia. Teresa anaunganisha mambo, anajua huyu ni baba ya nani, anaanza kumtaka pesa. Anauawa.

Sasa niambieni Bob alikuwa na haja gani na siri hiyo. Pepo halina ofisi ya kupoteza wala mteja tajiri kama Ben Horne wa kumlinda. Aliyekuwa na cha kupoteza ni Leland. Hofu ya kuumbuliwa ni ya binadamu, na ndiyo iliyomuua Teresa mwaka mzima kabla ya Laura.

Najua mtanirudisha kwenye ile sehemu ya seli. Leland amejigonga kichwa mlangoni, maji yanamwagika kutoka darini, anakufa mikononi mwa Dale Cooper wa FBI huku akilia kwamba pepo likiwa ndani alikuwa hajui, na likitoka hakuwa anakumbuka. Ray Wise aliigiza pale mpaka ukahisi kifua kinabana, sikatai. Lakini sikilizeni maneno yote, si yale mnayoyapenda tu. Anasema alipokuwa mtoto, yule mtu alimjia ndotoni, naye akamkaribisha. Mtoto yule namhurumia kwa moyo wote. Aliumizwa, na hakuna aliyemsaidia. Ila anasema pia kwamba Laura naye hao pepo walimtaka, akapigana nao, akakataa kuwaruhusu waingie. Msichana wa miaka 17, aliyenajisiwa na baba yake tangu akiwa na miaka 12, alikataa mpaka akafa. Mzee mzima, msomi wa sheria, ndiye hakuweza?

Jumapili iliyopita kaka mmoja alinitolea Marko 5, yule mtu wa makaburini mwenye pepo waitwao Legioni. Nami nikamwambia endelea kusoma. Mtu yule alikuwa akijikatakata mwenyewe kwa mawe, na kila aliyepita alijua ana shida. Hakuwa akivaa suti asubuhi kwenda kazini na usiku kuwa mnyama nyumbani kwake.

Mama mmoja jirani alikuwa amekaa karibu na mlango, hajasema neno tangu tuwashe runinga. Yule kaka aliposema kwamba hata hapa kwetu wapo wanaume ambao shetani aliwapitia tu, wakaombewa, na sasa ni watu wa kanisa, yule mama aliweka kikombe chini kikiwa bado na chai, akajifunga leso, akachukua mkoba wake na kuondoka bila kuaga. Mlimwona. Mjadala ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndiyo maana nimekasirika hivi. Hii si tamthilia tu. Maneno mnayomtetea nayo Leland ni yaleyale yanayosemwa mtaani mtoto akiumizwa na mtu wa nyumbani. Shetani alimpitia. Ni pombe. Mambo ya familia tuyamalize kifamilia. Wazee wanakaa, mbuzi anatolewa, mtoto anaambiwa amsamehe baba, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, haijazwi kamwe. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kifungu cha 20, inasema baba akimwingilia kimwili bintiye aliye chini ya miaka 18 anaweza kufungwa maisha. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 12, inamwondolea lawama mtu ambaye ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachotenda, au asijue kwamba hapaswi kukitenda. Mtu anayeficha anajua. Maiti ya Maddy, mpwa wa mkewe ambaye Leland alimuua pia, ilibebwa kwenye mfuko wa vijiti vya gofu. Mbona ifichwe, kama aliyekuwepo hakujua kwamba ni kosa?

Na wewe uliyesema Laura alijitakia, kwa kuwa alivuta kokeini na kufanya kazi One Eyed Jacks, ile kasino na danguro, wewe nakuambia nyamaza. Mtoto aliyeanza kuharibiwa akiwa na miaka 12 unamhesabia dhambi alizofanya ili apate usingizi. Rudi uitazame meza ya chakula kwenye ile filamu. Leland anamwuliza bintiye kama amenawa mikono, anaushika mkono wake, anauchunguza ukucha, anamwambia ni mchafu. Hapo hakuna sura ya Bob popote. Ni baba, mama, binti na sahani. Baadaye anakwenda chumbani kwake analia na kumwambia anampenda, na mnataka machozi hayo yafute yale ya mezani. Hayafuti kitu.

Kuna wanaokimbilia sehemu ya nane ya ule msimu wa 2017, jaribio la bomu la nyuklia New Mexico Julai 1945, kwamba uovu ulitoka huko. Sehemu ile naipenda sana, na labda hakuna kitu kama hicho kilichowahi kuonyeshwa kwenye runinga. Lakini hata waandishi walituonya mapema. Leland akishakufa, Cooper na wenzake wanasimama porini wakijiuliza Bob ni nini, na Albert, mwenzake wa FBI, ndiye anayesema labda ni uovu tu ambao wanadamu hutenda. Swali hilo waliliacha wazi makusudi. Nyinyi mmelifunga kwa faida ya Leland.

Na kuna ile glasi ya maziwa. Usiku, kabla ya kwenda chumbani kwa bintiye, Leland anampa mkewe Sarah maziwa kitandani. Sarah anakunywa, macho yanalegea, anapotelea usingizini. Leland anawasha feni na kuelekea kwa Laura. Atakayekuja kumtetea Jumapili aanze na hiyo glasi. Anieleze ni nani aliyejua kwamba mama akiwa macho angesikia, na kwa nini pepo limwogope mke wa mtu. Kama hana jibu, asiniletee tena habari za Bob.