Naombeni ushauri: mhusika wa riwaya yangu kafanana na mtu ninayemjua, nitumie jina la kalamu?

Kalamu Kavu: Wakuu habari za humu. Nina riwaya nimeiandika miaka minne, mchapishaji kaikubali, sasa usingizi sipati. Kuna mhusika mmoja mwanamke kafanana kidogo na mtu ninayemjua. Niweke jina langu au jina la kalamu? Ushauri tu, matusi sitaki.

Mzee wa Pembeni: Hongera mkuu. Mswada wangu mimi uko uvunguni tangu enzi za flopi, wasomaji wangu ni panya, wameshafika sura ya tisa. Weka jina la kalamu. George Eliot, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikuwa mwanamke, jina lake halisi Mary Ann Evans, na alisomwa vizuri tu.

Msomaji Kimya: Jina la kalamu linakuficha wewe, yeye linamfichaje? Halafu hiyo "kidogo" ni kidogo kiasi gani?

Kalamu Kavu: Kidogo tu. Jina nimebadilisha, kazi nimebadilisha, mpaka kimo.

Msomaji Kimya: Hujajibu. Ni nani?

Kalamu Kavu: Dada yangu. Tumbo moja.

Mama Tatu: Hapo sasa. Mimi kaka yangu alinitungia shairi siku ya harusi yangu akaweka humo nilivyokuwa nakojoa kitandani mpaka darasa la tano, ukumbi mzima unacheka, bwana harusi naye anacheka, mwaka wa kumi na moja huu sijaongea naye vizuri. Nyie waandishi muogopeni Mungu.

Mzee wa Pembeni: Darasa la tano kweli mama 😂

Wakili Mchovu: Alikuhadithia kwa mdomo au umetoa wapi?

Kalamu Kavu: Haya nasema. Alipoachika alikuwa ananitumia imeili usiku wa manane, karibu kila siku. Kuna moja anasema kaukuta mswaki wa mumewe dawa imekaukia kwenye brashi, akaenda kuutupa, akafika mlangoni akageuka akaurudisha kwenye kikombe. Hiyo nimeiweka ilivyo. Na nyingine kama kumi na mbili. Ila jamani zingekufa tu kwenye simu yangu zile, na ukweli ndizo kurasa mhariri alizozisifia kuliko zote.

Wakili Mchovu: Iwe barua iwe imeili, wewe umepokea, maneno bado ni ya aliyeandika. Mwandishi Salinger mwaka 1987 alimzuia mahakamani kule Marekani mtu aliyetaka kutumia barua zake kwenye wasifu, na zilikuwa maktaba zinasomwa. Omba ruhusa, tena ya maandishi.

Shairi Refu: Mshairi Robert Lowell alichukua barua za Elizabeth Hardwick, mke aliyeachana naye, akazitia kwenye mashairi, nyingine akazipindisha. Rafiki yake Elizabeth Bishop akamwandikia kumsihi aache. Hakusikia, akachapisha 1973, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Pulitzer.

Kalamu Kavu: Si unaona! Na tuzo alipata.

Shairi Refu: Katika yote hayo umesikia tuzo.

Bwana Mashaka: Wakuu hii chai. Mtu hapati usingizi lakini mswaki, brashi, mlango, kikombe, vyote kavipanga kwa mstari? Huyu anatupima sura ya kwanza. Mtakutana humo, Mama Tatu na godoro lake.

Mama Tatu: Weee! Modi futa komenti yangu tafadhali.

Mzee wa Pembeni: Hata panya wangu niliwatungia, nilitaka tu kuchangamsha.

Kalamu Kavu: Sio chai. Mkataba nilisaini wiki iliyopita.

Msomaji Kimya: Kumbe! Sasa ushauri wa nini? Dada anajua?

Kalamu Kavu: Anajua naandika. Nilimwambia ni riwaya ya kihistoria. Na mimi ndiye niliyekaa macho naye usiku wote ule jamani, kwa hiyo na mimi nina haki yangu kidogo pale.

Wakili Mchovu: Huna.

Kalamu Kavu: Jumapili anakuja. Ameomba nimtolee nakala asome.

Bwana Mashaka: Haya, sura ya pili hiyo. Nimekaa.